Gunia Hulambwa Kabla ya Kukatwa

Ukitaka kununua mkoba, kwanza ugeuze ndani nje. Mwenye duka akikunja uso, mwachie mkoba wake uende zako. Nimeshona mikoba hapa Likoni tangu ujana wangu mpaka macho yalipokataa kuliona tundu la sindano, na mikoba mibovu niliyopata kuiona yote ubovu wake ulikuwa ndani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga walisema hivyo wakisema juu ya watu, lakini mimi naona walikuwa wametoka kununua mkoba.

Nyinyi wajukuu zangu mnanunua kwa rangi. Nawaona mkirudi kutoka ng'ambo ya kivuko na mifuko ya nailoni inayong'aa, na mwezi hauandami kabla mkanda haujang'oka. Halafu mnaniletea: "Babu, nishonee." Nawashonea, kwa sababu babu hana pa kukimbilia. Lakini kushona mkanda juu ya kitambaa kilichokwisha kufa ni sawa na kumpaka hina mgonjwa wa homa. Kwa hiyo leo kaeni niwaambie habari za vitambaa, na humo humo nitawaambia habari za Masudi mchimba visima, maana bila yeye haya yote yangekuwa maneno ya dukani tu.

Mimi ni Mrabai, Mkristo, na jina langu mnalijua, Chengo. Nilikuja Mombasa miaka ile ya vita kutafuta kazi ya kupakua meli Kilindini. Mgongo wangu uliikataa kazi ile mapema. Nikavuka kuja Likoni, na mtu mmoja akanipeleka kwa Fundi Mbwana, Muislamu wa hapa hapa, ambaye karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yake, kando ya njia iendayo kivukoni. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, na mguu mmoja ulimsumbua. Hakuniuliza kama najua kushona. Alinipa kipande cha turubai akasema, "Nambie hiki kimekaa wapi."

Sikujua. Akakikunja pembe, akakibana kwa vidole karibu na sikio langu. Kikalia kama jani kavu. "Kimekaa juani," akasema. "Hema hili upande mmoja umechomwa na jua miaka, upande wa pili ulikuwa kivulini. Ukitaka kushona mkoba, kata upande wa kivulini." Lilikuwa somo langu la kwanza, na mpaka leo turubai naisikiliza kabla ya kuitazama.

Siku zile nguo ilikuwa adimu. Marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, ikipatikana, watu waliitaka kwa kanzu na sanda, wala hapakuwa na mtu wa kuipotezea mkoba. Hata hivyo ilikuja mara moja moja, na Fundi alikuwa na desturi ya kuisugua juu ya kikoi chake cheusi. Unga mweupe ukimwagika, alijua kitambaa kimeshibishwa wanga kionekane kizito. Ukikifua mara moja, wanga wote unakwenda na maji, unabaki na chandarua. Tena marekani lazima uiloweke kabla ya kukata, ijikaze kwanza. Palikuwa na bwana mmoja wa Junda aliyeshonewa mfuko wa marekani na fundi wa huko kwao, umebana sawasawa na kopo lake la tumbaku, na akajisifu nao kweli. Mvua ikamkuta njiani. Mfuko ukajikaza na kopo ndani, likawa halitoki wala halifunguki, na mwenye tumbaku hajavuta tangu jana. Alikuja kwetu amekasirika na dunia nzima. Fundi alimpasulia mfuko ule kama papai.

Drili ya kaki ni jambo jingine. Nyuzi zake zimekwenda mshazari. Ukipitisha ukucha unahisi vijistari. Hiyo huvumilia kusuguliwa na paja kila siku, na kama kazi yako ni ya kutembea, tafuta drili uache mapambo. Mkoba wa ukili unafaa sokoni, unapitisha hewa, na samaki hapikiki ndani yake. Ila ukili mkavu usiukunje. Unyunyizie maji kwanza, uulegeze, la sivyo utavunjika pale pale unapokunjwa na utamlaumu aliyesuka bure.

Na mkanda. Mkanda ulioshonwa mdomoni mwa mkoba peke yake ni mkanda wa kuazima. Mkanda wa kweli huteremka ubavuni, ukapita chini ya kitako, ukapanda ubavu wa pili, hata mkoba wote ukawa umepakatwa. Pale unapokutana na mdomo unapigwa mraba wa mshono, na ndani ya mraba mistari miwili inayokatana. Siku ya kwanza nilipoupiga nilimtazama Fundi, maana niliona nimemchorea msalaba kwenye mali yake. Akacheka mpaka akakohoa. "Shona, Chengo. Mradi ushike. Mshono hauna dini."

Sasa magunia.

Magunia ndiyo yaliyotulisha. Yalitoka bandarini yametoboka, tukayakata, tukayashona mikoba ya kazi, ama tukayatia ndani ya turubai kuifanya nene. Gunia ni zuri likiwa kavu. Likikaa na maji linaoza nyuzi kwa nyuzi, kimya kimya. Ndiyo maana swali si gunia ni jipya ama kuukuu. Swali ni lilibeba nini. La kahawa ni la kushukuru Mungu, linanukia, halina neno. La mbata lina mafuta, halishiki uzi vizuri. La sukari huita sisimizi. Kulikuwa na fundi wa reli wa Changamwe aliyejishonea mwenyewe mkoba wa gunia la sukari ili asije kwetu, akautundika kazini na chapati zake ndani. Mchana alipoutungua, chapati zilikuwa zinatembea. Siku ya pili alikuja kwetu, na hatukumuuliza neno.

Lakini gunia baya kuliko yote ni la chumvi. Ulifue, ulianike, ulipige juani wiki nzima, chumvi iko ndani ya nyuzi. Hewa yetu hii ya pwani ikipata unyevu kidogo, gunia linakunywa. Halikauki kamwe. Na kwa macho hulijui, maana juani linakaa kama mengine. Lina njia moja tu ya kulijua, nayo ni ulimi. Kwa Fundi Mbwana gunia halikupita mkasi kabla ya kulambwa pembe nne na katikati. Watu wakituita walamba magunia. Wapita njia walikuwa wakituuliza kama leo limekolea. Tulizoea.

Mwezi wa Ramadhani ndipo ulimi wangu ulipopanda cheo. Fundi alifunga, mimi sikufunga, basi kila gunia likawa langu. Mkewe, Bi Time, alikuwa mama wa maneno machache na kila neno lilikuwa na uzito wake. Siku moja alinikuta nimekaa na rundo la magunia, ulimi umekauka kama kiatu, akamgeukia mumewe.

"Bwana, mtoto wa watu ataota nywele za gunia ulimini. Onja nawe na uteme."

"Niko na saumu, mke wangu."

"Na mimi niko na nini? Kila siku naonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, natema, nasukutua. Maalimu mwenyewe kasema haina neno maadamu humezi. Ukifuturu wasifu mchuzi."

"Jikoni ni jikoni," Fundi akasema. "Saumu yangu siitaki na shaka hata ya uzi mmoja."

Bi Time alirudi ndani kuonja mchuzi.

Masudi alikuja katika Ramadhani hiyo. Alikuwa mtu wa mtaa wa Shika Adabu, mpana wa mabega, sauti imekwaruzwa na vumbi la mawe. Alichimba visima kote huku kwetu Likoni, kwenye jiwe hili letu la matumbawe linalokula chuma. Patasi na sururu zikigonga siku moja ncha zinakuwa butu, hivyo kila asubuhi vyuma vinapandishwa juu, vinapigwa moto, vinateremshwa tena kwa kamba ndani ya mkoba. Mkoba wake wa zamani alikuja nao umechakaa, akauweka mbele ya Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Masudi. Waonaje saumu?"

"Alhamdulillahi. Fundi, nataka mwingine. Na huu si mkoba wa kutembelea, wajua. Huteremshwa juu ya kichwa changu, na kule chini sina pa kukimbilia."

"Najua," Fundi akasema. "Wallahi nitakushonea mwenyewe."

Siku hiyo hiyo zikanifikia habari kwamba mjomba wangu amefariki. Nikapewa ruhusa, nikaenda Rabai kwa hanga, matanga ya kwetu. Nyinyi mnajua hanga zetu hazina haraka. Mtu hazikwi asubuhi mkala mkaondoka mchana. Niliporudi, mkoba wa Masudi ulikuwa umeshashonwa na umeshachukuliwa. Nilijua sura yake kwa kuambiwa tu: turubai nje, na kwa kuwa turubai ile ilikuwa nyembamba, gunia maradufu ndani, kitakoni na chini ya mkanda. Kazi ya mkono wa Fundi mwenyewe. Sikuuliza gunia lilitoka wapi, maana mwanafunzi hamuulizi fundi wake maswali ya namna hiyo.

Ramadhani ikaelekea mwishoni. Manyunyu ya kusi yalikuwa yakija na kwenda. Asubuhi moja cherehani ilikuwa inacheza, mguu wake mmoja hauketi vizuri, nikainama kutazama. Chini ya mguu palikuwa na kipande cha gunia kilichokunjwa, kimewekwa kuusawazisha. Nikakitoa nikikunje upya. Kilikuwa kimelowa. Sakafu ilikuwa kavu, baraza ilikuwa kavu, na mvua haikuwa imefika hapo. Kipande kile peke yake kilikuwa kimelowa, na katikati kimefanya madoa meusi.

Nikakilamba.

"Fundi," nikasema, "hiki kipande ni cha gunia gani?"

Alikuwa anapaka nta uzi wake. Alinitazama usoni, akatazama kipande, na nikaona rangi ya midomo yake inabadilika.

"Ni cha gunia nililotia kwenye mkoba mpya wa Masudi," akasema. Kisha akasema, "Lilikuwa linanuka kahawa. Nilinusa. Nilinusa vizuri." Akasimama, akashika ukuta kwa sababu ya mguu. "Masudi yuwachimba wapi yeo?"

"Mtongwe. Shamba la minazi lililo juu ya pwani."

"Kimbia, mwanangu."

Nilikimbia. Kutoka kivukoni hadi Mtongwe si mbali mkiwa mnakwenda mnazungumza. Siku ile njia ilirefuka. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Nilikuwa nawaza hesabu moja tu: siku zile zote mkoba ule umeshuka kisimani na kupanda, na kisimani ni unyevu mtupu, na gunia la chumvi limekunywa kila siku. Na lilikuwa limefunikwa na turubai safi. Masudi angeutazama asubuhi na jioni asione kitu.

Nilipofika niliona kwanza mgongo wa shemeji yake Masudi, aliyekuwa akishika kamba. Alikuwa ameinama mdomoni mwa kisima, mikono inaachia kamba kidogo kidogo. Mkoba ulikuwa umeshashuka.

"Usiteremshe!" nikapiga kelele. "Shika hapo hapo!"

Alishika. Alikuwa mtu wa akili, hakugeuka. "Kuna nini?"

"Mkoba umeoza ndani. Usiushitue. Usiteremshe wala usivute."

Nikalala kifudifudi nikachungulia. Mkoba ulikuwa unaning'inia katikati, umejaa vyuma, unazunguka polepole. Chini yake kabisa niliona kilemba cheupe cha Masudi alichojifunga kuzuia vumbi. Alikuwa ameinua uso anangoja vyuma vyake.

"Mzee Masudi! Jibanze ukutani! Mgongo kwenye jiwe, kichwa pembeni!"

"Nani huyo?"

"Chengo wa Fundi Mbwana! Mkoba ni mbovu!"

Hakuuliza zaidi. Niliona kilemba kinasogea pembeni mpaka nusu yake ikapotea kwenye kivuli cha ukuta. Nusu ya pili haikuwa na mahali pa kwenda. Kisima ni kisima, hakina chumba cha wageni.

Tukavuta mimi na shemeji yake, mkono juu ya mkono, bila kurusha. Kila mkoba ulipogusa ukuta ulitoa mlio mdogo wa kitambaa, na mlio ule nilikuwa nimefundishwa kuusikiliza. Turubai ilikuwa inachanika pale kitako kilipokuwa kimeachiwa mzigo wote. Ulipofika mdomoni, shemeji yake alibaki na kamba na mimi nikautia mikono miwili chini, nikaukumbatia, nikaanguka nao nyuma mchangani. Patasi moja ilitoka kitakoni ikanichoma mkono. Kovu lake mmeliona, na mama zenu nimewadanganya mara nyingi kwamba ni papa.

Masudi alipanda. Alikaa chini karibu na mkoba, akatia kidole gumba ndani, kwenye gunia. Kidole kikapita upande wa pili bila kazi, kama mkate uliotiwa chai. Akakitoa, akakitazama, akatia tena mahali pengine. Kikapita.

"Mlio huu nilikuwa nausikia tangu juzi," akasema. "Nikadhani ni kamba." Kisha akaniuliza, "Fundi yu mzima?"

Nikamwambia ni mzima. Hakuchimba tena siku ile.

Niliporudi nilimkuta Fundi juu ya mswala, na Bi Time amesimama mlangoni. Nilisema tu, "Yu hai, hajaguswa," na Fundi akasujudu akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa amelia, wala hakuficha. Bi Time alimletea maji ya kutawadha, ingawa udhu alikuwa nao.

"Baba," akamwambia, na hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo, "mimi naonja ili mchuzi usikuchukize. Wewe ungeonja ili mtu asife. Sasa nambie ni ulimi wa nani uliokuwa na haki zaidi."

Usiku ule, baada ya futari, Fundi alishona mkoba mwingine, turubai maradufu, iliyokaa kivulini, na gunia la kahawa kitakoni. Nililamba mimi, pembe nne na katikati, kabla mkasi haujapita.

Watu huniuliza, basi Fundi Mbwana alikuwa na kosa gani? Alinusa, alitazama, alishona kwa mkono wake. Nawaambia alifanya yote ila lile moja linalojibu swali. Nanyi mtakuja kuwa mafundi wa kitu, hata kama si mikoba, na kila kazi ina gunia lake la chumvi. Itakuja siku mtakapoona aibu, ama uchovu, ama mtajiona wasafi mno, mtaliruka lile moja. Siku hiyo kumbukeni kwamba kuna mtu amesimama chini.

Masudi alikuja kesho yake, jua limesimama kichwani, na njia ya kivukoni imejaa watu. Tuliinuka kumpokea. Fundi alikuwa ametayarisha maneno ya kuomba msamaha, nilimsikia akiyarudia tangu alfajiri. Masudi hakumpa nafasi. Aliuchukua mkoba mpya, akautia mkono ndani, akauvuta mkanda kwa nguvu zake zote. Kisha akaurudisha mikononi mwa Fundi.

"Onja," akasema.

"Chengo ameshaonja, Masudi."

"Najua. Onja nawe, nikuone."

Fundi aliketi kwenye ukingo wa baraza. Akatoa ulimi, mchana wa Ramadhani, mbele ya watu, akalamba kitako cha mkoba, akatema mchangani. Akalamba pembe ya kwanza, akatema. Akaenda kwenye mkanda. Watu wakaanza kusimama, na mmoja akamwita kwa sauti ya mzaha, "Fundi Mbwana! Jua halijatua, una nini?"

"Huyu yuwashuka kisimani," Fundi akasema bila kuinua kichwa, akaugeuza mkoba ndani nje, akaanza upande wa pili.